Mia mbili zako za M-Pesa zikifika Baringo, nani yuko kwenye orodha?

Mto ukishavunja kingo, au ng'ombe wakianza kuanguka mmoja mmoja kwenye taarifa ya saa moja, simu zetu hujaa mabango. Nambari ya Paybill, picha ya mtoto, na neno "tuungane" kwa herufi kubwa. Unatuma mia mbili, unapiga picha ya skrini, unaiweka status, unarudi kwa hustle yako. Si vibaya. Vijana wa mjini wanaitwa majina mengi lakini bahili si mojawapo. Tukiamua kuchanga, tunachanga hadi nauli ya kesho. Kitu ambacho hatuulizi ni hiki: ujumbe wa M-Pesa ukishakwambia muamala umethibitishwa, hiyo mia mbili inaelekea mkononi mwa nani, na nani aliamua iende huko?

Jibu ni orodha. Unga, blanketi, hela za simu, nyasi za mifugo, vyote hupitia orodha ya majina. Orodha mara nyingi huandikwa kwenye baraza la chifu, au na kamati iliyochaguliwa kwenye baraza hilo, na baraza hufanyika mahali gari linafika. Sasa fikiria wewe ni wa jamii ndogo. Kijiji chenu kiko ng'ambo ya maji au ndani ya msitu. Chifu si wa kwenu, mwakilishi wadi si wa kwenu, na kitambulisho chako kilipotea nyumba iliposombwa. Hakuna mtu aliyekaa chini akapanga kukunyima. Jina lako halikuandikwa tu, na lori likarudi Nairobi na ripoti kwamba eneo hilo limehudumiwa.

Wengi wenu mlikuwa shule ya msingi Julai 2011, Kenyans for Kenya ilipoanza. Shirika la Msalaba Mwekundu, wakfu wa Safaricom, benki ya KCB na vyombo vya habari walitaka milioni 500 kwa mwezi mmoja kwa ajili ya waathiriwa wa ukame, hasa Turkana. Lengo lilivukwa. Watoto wa shule walileta sarafu, wahindi wa Parklands na makanga wa Rongai wakachangia mfuko mmoja. Ulikuwa wakati mzuri wa nchi hii, na sitaki mtu auchafue. Kisha ukaja ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ikakosa, mifugo zaidi ya milioni 2.5 wakafa, na kufikia mapema 2023 Wakenya milioni 4.4 walihitaji chakula cha msaada. Ikaundwa kamati mpya ya kitaifa, Novemba 2022, na mchango mwingine. Mtindo ukawa ule ule: pesa zinakusanywa katikati, zinashuka ngazi kwa ngazi, na mwisho wa ngazi kuna chifu na kalamu.

Ni nani hao wanaoachwa nje ya orodha? Katiba ya 2010 inawatambua, Kifungu cha 56 kikiitaka serikali iweke mipango maalum kwa jamii ndogo na zilizotengwa. Tukitaja majina: Ogiek wa Mau na Mlima Elgon, Sengwer wa Cherang'any na Embobut, Endorois na Ilchamus wa Baringo, El Molo wa Ziwa Turkana, Yaaku wa Mukogodo, Waata, Aweer wa msitu wa Boni kule Lamu. El Molo kwenye sensa ya 2019 walikuwa watu kama 1,100 hivi. Kuna shule za upili jijini zenye wanafunzi wengi kuliko hao. Jamii ya ukubwa huo haiwezi kumchagua hata mwakilishi wadi ikitegemea kura zake peke yake, kwa hivyo usitarajie orodha ya msaada iwakumbuke kwa bahati.

Nataka tukae Baringo kidogo, kwa sababu huko mambo yote haya yamekutana.

Maziwa ya Bonde la Ufa yalianza kufura mwanzoni mwa muongo uliopita, na kufikia 2020 Ziwa Baringo lilikuwa limepanuka takriban mara mbili ya ukubwa wake wa 2010. Ripoti ya serikali na shirika la UNDP ya 2021 ilihesabu karibu familia 76,000 zilizoathirika kuzunguka maziwa yaliyofura. Maji yalimeza shule, zahanati, malisho, hoteli za watalii na makaburi. Kiboko na mamba wakawa majirani, tena majirani wasiopiga hodi. Ziwa Baringo ni la maji matamu, Bogoria ni la magadi, na mwaka 2020 watu waliogopa kwa dhati kwamba maziwa hayo mawili yangefikiana. Wanaoishi kando ya maji hayo ni Ilchamus, wavuvi na wafugaji wenye uhusiano wa karibu na Wamaasai na Wasamburu, na upande wa Bogoria ni Endorois. Ongeza wizi wa mifugo uliofurusha watu kutoka sehemu kama Mukutani, na unapata familia iliyokimbia bunduki ikapokelewa na maji.

Lakini hebu niambie, uliona bango gani la Paybill kuhusu hilo? Ziwa likipanda sentimita chache kwa mwezi halitoi picha. Mai Mahiu, Aprili 2024, maji yalishuka usiku mmoja yakaua watu kadhaa, na nchi nzima ikasimama, kama ilivyopaswa. Baringo maji yalichukua miaka kumi. Mchango wa umma hufuata kamera, na kamera hufuata vifo vya mkupuo. Janga la polepole linaachiwa wenyewe, na wenyewe ndio hao wasio na mtu mezani.

Kuna kisa kimoja cha Baringo ambacho kila mtu anayechangisha pesa angepaswa kukijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya ukame wa muongo uliotangulia, serikali na wafadhili walileta mti wa kuokoa wenyeji: unakua haraka, hauhitaji maji mengi, unatoa kuni, unazuia jangwa. Kwa kitaalamu unaitwa Prosopis, na wenyeji waliupa jina mathenge. Karatasini mradi ulikuwa safi kabisa. Shambani mti ulisambaa kama uvumi, ukaziba malisho na njia za maji, miiba yake ikatoboa miguu ya watu na tairi za baiskeli. Maganda yake matamu, mbuzi wakiyala kila siku, huoza meno hadi yang'oke, na mbuzi asiye na meno hufa njaa akitazama nyasi. Mwaka 2006 Ilchamus walienda kortini Nairobi kuishtaki serikali, na wakamleta mbuzi kibogoyo kama kielelezo. Watu walicheka. Magazeti yakapata picha. Ila fikiria ni kwa nini wafugaji wa Marigat waliona lazima wasafiri na mbuzi hadi mji mkuu ndipo wasikilizwe kuhusu mti uliopandwa kwa jina lao.

Mwaka huo huo Mahakama Kuu ilikubali, katika kesi nyingine, kwamba Ilchamus ni jamii ndogo inayostahili kuwa na sauti ya uwakilishi. Kwa hivyo usiniambie hawakujaribu njia rasmi.

Nikizungumzia vikundi vya mashinani, namaanisha watu wa aina hiyo: wale wangekwambia mapema kwamba mbuzi wao hawataishi na mti huo. Kikundi cha akina mama chenye chama cha kuzungushiana pesa, kamati ya kisima, ushirika wa wavuvi, vijana wenye boti mbili. Wanajua nani ana mgonjwa kitandani. Wanajua familia ipi ilihamia kwa shemeji na kwa hivyo haitaonekana kambini. Mjini tunafikiri mafuriko ni blanketi na unga. Mtu wa kisiwani anaweza kukwambia shida yake ni mafuta ya boti, kwa sababu bila boti mtoto hafiki shule na mjamzito hafiki zahanati. Mfugaji wakati wa ukame huenda akataka nyasi na dawa ya mbuzi wiki hii, kabla hawajafa, kuliko gunia la mahindi miezi mitatu baadaye akiwa hana mbuzi tena.

Wakubwa wa dunia wanalijua hili, na wameliandika. Mei 2016 kule Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa walikubaliana kwamba kufikia 2020 robo ya pesa za misaada ya dharura ifikie mashirika ya nchini na mashinani kwa njia iliyo ya moja kwa moja kadiri inavyowezekana. Mwaka 2020 ukafika, ukapita. Kiasi kinachofika moja kwa moja kimebaki chini ya asilimia 5. Kilichobaki hupitia shirika la Umoja wa Mataifa, kisha shirika la kimataifa, kisha la kitaifa, kisha ofisi ya kaunti, na kila ngazi ina gari, dereva na semina ya hoteli. Sisemi wanaiba. Nasema kila mlango una ada yake, na kikundi cha Marigat kiko kwenye mlango wa mwisho.

Wafadhili hujitetea kwamba vikundi vidogo havina makaratasi. Hapo ndipo historia ya Endorois inakuwa ya kukasirisha. Serikali iliwatoa kwenye ardhi yao kando ya Ziwa Bogoria mwaka 1973 ili eneo liwe hifadhi ya wanyama. Walipounda kamati yao ya kushughulikia maslahi yao, wakanyimwa usajili. Kesi ikaenda hadi kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, na uamuzi ulioidhinishwa mwaka 2010 uliitaka Kenya iwarudishie ardhi, iwalipe fidia, iwape mgao wa mapato ya hifadhi, na pia isajili kamati yao. Soma tena hicho cha mwisho. Ilichukua chombo cha bara zima kuambia nchi ipatie kikundi cha wanakijiji cheti. Halafu mtu Nairobi, kwenye ofisi yenye kiyoyozi, anauliza mbona hawa watu hawana makaratasi!

Siku hizi ni rahisi kidogo. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inaruhusu watu wasiopungua 10 kujisajili kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii iliyo karibu nao, wakawa na katiba yao, viongozi na akaunti. Cheti hicho ndicho utakachouliza.

Sasa tukubaliane pia kwamba neno "mashinani" linaweza kutumika kudanganya. Kaunti nyingi sasa zina kamati za wadi za tabianchi chini ya mpango wa FLLoCA, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia na wengine, na kaunti hutakiwa kutenga angalau asilimia 1.5 ya bajeti ya maendeleo. Wazo ni zuri, wenyeji wajiamulie. Lakini wadi ina wengi na wachache. Kamati ikichaguliwa kwa wingi wa mikono, jamii yenye vijiji vitatu kati ya thelathini itapata kile wengi wanachoona inastahili, na bwawa litachimbwa kwa wengi. Fedha zimeshuka hadi chini kabisa na bado zimewapita walengwa. Ndiyo maana nasisitiza kikundi cha jamii yenyewe, hata kiwe kidogo.

Na wezi? Wapo, manze, tusijifanye. Wapo vijijini kama walivyo mjini. Kuna mwenyekiti anayeishi na muhuri mfukoni. Kuna kamati ya wazee wanaume ambayo mjane hajui hata inakutana lini. Kuna kikundi kinachozaliwa siku Paybill inapozaliwa. Lakini ukubwa nao si kinga. Mwaka 2023 shirika la GiveDirectly, ambalo Kenya tunalijua kwa kutuma hela moja kwa moja kwa simu za watu maskini, lilitangaza kwamba karibu dola 900,000 zilipotea Kivu Kusini, Kongo. Wafanyakazi wake wenyewe walihusika, laini za simu za walengwa zikiwa mikononi mwa watu wengine. Ni teknolojia safi kabisa, na mtu aliyesajili laini ndiye aliyekula. Angalau walitangaza wenyewe. Wizi kwenye kikundi cha watu 25 una tabia tofauti: mweka hazina akinunua pikipiki mpya, kijiji kizima kinaiona ikipita.

Vijana wa mjini tayari wamewahi kuendesha kitu kama hiki. Juni 2024 baada ya maandamano, Hanifa Adan alifungua mchango wa M-Changa kwa majeruhi na familia za waliouawa, na karibu milioni 30 zikaingia kwa muda mfupi kutoka kwa watu wenye mia na mia mbili. Kilichofuata mtandaoni ni watu kudai hesabu, mstari kwa mstari, hospitali kwa hospitali. Zile kelele za "leta risiti" zilichosha wengine, mimi naona ndizo zilikuwa sehemu bora. Kama tunaweza kumkalia koo mwenzetu kwa hesabu, tunashindwa nini kuziuliza kamati za wazito?

Sisemi uache kuchangia Msalaba Mwekundu. Saa 72 za kwanza, mtu akiwa juu ya paa na maji yanapanda, hakuna chama cha akina mama chenye helikopta. Ambulensi, boti za uokoaji, hema na dawa ya kipindupindu zinahitaji shirika kubwa lenye stoo na watu waliofunzwa. Ninachopendekeza ni kugawanya. Sehemu iende kwa waokoaji siku ya kwanza, na sehemu, hata kama ni hamsini kwa wiki, iende kwa kikundi cha jamii ndogo kwenye ule mwezi wa tatu na wa sita ambapo runinga imeshahamia siasa.

Kuna kitu kingine ambacho mchango hauwezi, na tusiuache ukaficha. Ogiek walishinda kesi katika Mahakama ya Afrika mjini Arusha Mei 2017. Juni 2022 mahakama hiyo ikaamuru Kenya iwalipe shilingi milioni 157.85 na iwatambulie ardhi yao. Ilifikiria hata njia ya kulipa: pesa ziwekwe kwenye hazina ya maendeleo ya jamii, isimamiwe na kamati yenye wawakilishi waliochaguliwa na Ogiek wenyewe, yote ndani ya miezi 12. Majaji waliona kile tunachojadili hapa, kwamba fidia ikipitia mikono ya wengine haitafika. Miezi 12 iliisha bila agizo hilo kutekelezwa, na Novemba 2023 nyumba za Ogiek zikabomolewa Sasimwani, Narok. Familia iliyofukuzwa msituni inahitaji blanketi sawa na iliyofukuzwa na maji. Blanketi tunaweza kuinunua. Ardhi ni deni la serikali, na kila tukichanga tuliseme hilo kwenye bango hilo hilo.

Basi ukitaka kuanza, anza kabla ya mvua, maana katikati ya mafuriko huwezi kuchunguza mtu. Tafuta mtu wa jamii hiyo aliye mjini. Wapo vyuoni, wapo kazini, wapo kwenye mitandao na wengi wamechoka kusubiri kuulizwa. Muulize nyumbani kwao ni kikundi gani kilifanya kazi mwaka ambao hakukuwa na mfadhili. Uliza cheti, na majina ya wanaotia sahihi akaunti. Wawe watatu, na angalau mmoja awe mama. Kabla ya kubonyeza kutuma, soma jina linalojitokeza kwenye simu. Kama ni Pochi la Biashara la mtu mmoja badala ya akaunti ya kikundi, shika pesa zako kwanza upige simu. Piga pia kwa mtu wa pili asiye kwenye kamati, mwalimu au muuguzi wa zahanati, umuulize kama anawajua. Mkiwa marafiki kumi, mmoja wenu awe wa kufuatilia, ili kikundi kisipigiwe simu na watu kumi wanaotaka ripoti kumi kwa ajili ya elfu mbili.

Usiwaambie wanunue nini. Waulize, halafu ukubali jibu hata kama ni mafuta ya boti na wewe ulikuwa umetamani picha ya unga. Mwezi mmoja ukipita, piga simu tena. Kama walinunua nyasi, uliza ni marobota mangapi, yaligharimu kiasi gani na usafiri, na yaligawiwa boma zipi.